Kanda ya Chumba Kitupu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kazi ya yule mteja wa kule mlimani. Bosi wetu, ambaye dukani tunamwita Waranti kwa sababu hamalizi sentensi bila kulitaja neno hilo, alinikabidhi mwenyewe.

"Anataka kulinganisha amplifaya tatu nyumbani kwake, moja baada ya nyingine, mpaka aridhike. Spika zake hata mimi nimeziona kwenye picha tu. Mpe muda wote anaotaka. Na usifungue kitu chochote kwa bisibisi, waranti itaharibika."

Nimempelekea ya kwanza, ile ya rangi ya fedha. Aliyenifungulia mlango ni mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa. Salamu yangu aliijibu kwa kutikisa kichwa. Akanyooshea kidole viatu vyangu, kisha akanyooshea ndara za kitambaa zilizopangwa ukutani. Nikajisemea, haya, nimekaribishwa.

Mwenye nyumba ni mpima ardhi mstaafu, ana miaka sabini na minne. Mrefu, shati limenyooka, anaongea chini chini kama mtu aliyekwenda kumwona mgonjwa. Yule mama ni ndugu wa mkewe. Anamwita Shemeji, na mimi nitamwita hivyo hivyo humu.

Nimeshaingia sebule nyingi za watu wanaopenda muziki, lakini hii ni ya peke yake. Kiti kimoja katikati. Sakafuni kuna alama za rangi nyeupe zinazoonyesha miguu ya spika ikae wapi. Nilikadiria kwamba kati ya spika na spika kuna mita tatu na nusu. "Tatu na arobaini," akanisahihisha, kwa upole.

Nilipotoa diski zangu za majaribio (nina ya ngoma, ya piano, na ya mwanamke anayeimba peke yake) akatabasamu. "Weka pembeni, mwanangu. Mimi nina yangu." Akapachika kanda kwenye mashine ya zamani, zile za magurudumu mawili, akaketi.

Sikusikia kitu. Nikainama kukagua waya.

"Mbona unahangaika? Inalia."

Nikasimama wima, nikatulia. Kweli ilikuwa inalia. Kulikuwa na mvua juu ya bati, kwa mbali. Saa ya ukutani. Kitu kama pazia kugusa dirisha. Baada ya hapo mvua tena. Ni kanda ya chumba kitupu.

"Ni sebule hii hii," akasema. "Miaka kumi na minane iliyopita. Nilikuwa naijaribu mashine, nikaitwa kazini, nikaisahau inazunguka. Niliporudi jioni, mke wangu hayupo. Hajarudi mpaka leo. Siku yake ya mwisho humu ndani ndiyo hii unayoisikia."

Nikasema pole. Miaka kumi na minane, pole inakuwa ndogo kama kipande cha sabuni.

Nimemsimulia baba watoto wakati wa kula. Mzee mwema. Sijamwelewa yule Shemeji tu. Kimya chake kina makali.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Dukani hakuna mtu. Waranti amepanga betri upya kwa ukubwa.

Ijumaa, 8 Machi

Leo tumeisikiliza ile ya fedha sawasawa. Niliipasha moto nusu saa kwanza, nikapima kiwango cha sauti kwa kipimo ili siku ya kubadilisha mashine zote zilie sawa. Sikio ni jepesi kudanganyika. Kinacholia kwa nguvu kidogo tu linakiona kizuri zaidi.

Kanda ina saa moja na nusu. Mzee hunisikilizisha robo saa ya mwanzo, nyingine anasema ni yake mwenyewe. Dakika ya nne kuna bawaba ya mlango. Dakika ya sita, hatua za mtu anayetoka ukumbini. Dakika ya kumi na moja kuna mnong'ono, wa kama sekunde tano hivi. Mzee akainua kidole.

"Hapo. Anasema nini?"

Niliomba arudishe. Akarudisha mara tisa. Kwenye ile ya fedha mnong'ono ni pumzi yenye umbo tu. Unajua ni maneno, lakini hayafunguki.

"Hii mashine inaficha," akasema, kama anayemzungumzia mtu. "Hebu tuone hiyo ya pili."

Wakati natoka, Shemeji alikuwa anafagia barazani. Nikamwambia kwaheri, Mama. Akaendelea kufagia.

Jumatano, 13 Machi

Watoto wana mafua. Nimebadilisha fyuzi tatu na nimeuza rimoti moja. Siku imeisha.

Jumatatu, 18 Machi

Leo hapakuwa na wingu. Nimepeleka ya pili, ile ya taa za kioo, ambazo zikishapata moto zinawaka rangi ya chungwa kama makaa. Kuna mafundi wanaocheka ukiwaambia taa zina sauti yake. Wangekuwepo leo.

Tulipoanza kanda, mvua ikanyesha. Sina namna nyingine ya kuandika. Dirishani jua kali, na juu ya vichwa vyetu mvua kwenye bati, tone na tone, nikasikia mpaka linapodondokea kwenye pipa la nje upande wa kulia. Nikatazama dari. Mzee hakutazama. Alikuwa amefumba macho.

Dakika ya sita zikaja zile hatua. Kwenye ile ya fedha zilikuwa hatua za kwenye spika. Leo zilitoka ukumbini, zikapita nyuma ya kiti cha Mzee, zikaja upande wangu. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni na kipimo changu. Nikakunja miguu kumpisha apite.

Nilipogundua nilichofanya, nikakiweka kipimo chini. Ni sebule ile ile, saa ile ile ukutani, spika zimewekwa ili kila sauti itokee pale ilipotokea. Mtu yule anapita mahali alipopita, ila hayupo.

Nikatoka nje kidogo kupunga hewa. Uani nikamkuta Shemeji amesimama katikati ya jua, nguo za kamba nzima amezirundika begani, zimekauka kau. Alikuwa amekimbia kuzianua. Tukatazamana. Halafu akaanza kuzianika tena, moja moja. Vibanio vilikuwa vinamdondoka mkononi.

Jumatano, 20 Machi

Baba watoto anasema siku hizi nikiwa naye nakuwa kama nasubiri mtu mwingine aongee. Nikamwambia ningejaaliwa mtu mwingine aongee ningefurahi sana. Tumecheka. Lakini amesema kweli.

Ijumaa, 22 Machi

Jambo dogo, naliandika nisije nikalisahau. Birika la jikoni kule kwa Mzee lina filimbi. Leo limelia mpaka nikaumwa meno, yeye ameketi palepale anafuta kanda kwa kitambaa. Hakugeuka. Nikasema, Mzee, birika. Akasema, "Lipi?"

Mtu anayenisahihisha kwa sentimita kumi.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imerudi, kubwa. Ya nje na ya ndani zilichanganyika tukashindwa kusikiliza, tukakaa kusubiri ile ya nje ipungue. Mzee alinihadithia kuhusu mkewe. Kwamba alikuwa akitembea kwa vidole. Kwamba alikuwa na desturi ya kuanza kusema jambo halafu asilimalize. "Nilikuwa namwambia, malizia. Unajua mtu asipomalizia sentensi inakaa ndani ya nyumba?" Nikamwuliza kama Shemeji alikuwa hapa siku ile. "La. Alikuja wiki moja baadaye, kunisaidia. Hajaondoka. Ndugu mwema."

Mvua ikapungua. Tukasikiliza.

Dakika ya kumi na moja, kwenye ya taa, mnong'ono haukuwa mmoja. Walikuwa watu wawili. Wa kwanza alinong'ona, na kabla wa pili hajajibu, yule wa kwanza alisafisha koo, mara mbili fupi, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha.

Ninalijua koo lile. Nalisikia kila siku ninapoingia nyumba ile. Huja kutoka jikoni.

"Umesikia nini?" Mzee akauliza.

"Bado ni pumzi, Mzee."

Ulimi ulisema wenyewe. Sijui kwa nini nilimficha. Niliporudi nimejilaumu njia nzima: mzee wa watu anamtafuta mkewe, na mimi namlinda mama asiyejibu hata salamu.

Alhamisi, 28 Machi

Leo dukani, mteja ameleta kinasa sauti kidogo, analalamika kwamba akirekodi hotuba sauti zote zinatokea katikati. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote: ina maikrofoni moja tu, ndugu yangu. Ukitaka kujua nani alikaa kushoto na nani kulia, lazima uwe na mbili, na uziache mbali.

Nilipomaliza kusema, nikabaki nimeshika kile kinasa.

Kanda ya Mzee ina kushoto na kulia. Ina mbele na nyuma. Ina mita tatu na sentimita arobaini.

Nikamfuata Waranti kwenye meza yake. "Bosi, mtu anaweza kuisahau mashine inarekodi?"

"Kila siku."

"Na maikrofoni mbili? Moja ukuta huu, nyingine ule, zimepimwa, na anayebaki nyumbani hazioni?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Hizo hazijasahauliwa," akasema. "Hizo zimefichwa."

Kwa mara ya kwanza hakutaja waranti.

Jumanne, 2 Aprili

Ninaandika nikiwa nimekaa ndani ya gari la duka, mvua inapiga kioo.

Nilikwenda kung'oa ya taa ili Jumatatu nilete ya tatu, ile kubwa. Mzee alikuwa amepumzika chumbani. Shemeji akatokea mlango wa jikoni, akaniita kwa kidole. Nikaingia. Akafungua bomba la sinki mpaka mwisho, maji yakavuma, ndipo akaongea. Mwezi mzima sijawahi kusikia sauti yake. Ni sauti nzuri, nene.

"Wewe umenisikia," akasema. "Kwenye kanda."

"Nimelisikia koo lako, Mama."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

Akafumba macho kidogo. Akasema, "Usiilete hiyo ya tatu."

Nikamwuliza kuhusu zile maikrofoni. Alinitazama kama anayepima mzigo kabla ya kumtwika mtu.

"Alikuwa akiondoka asubuhi anaziacha," akasema. "Jioni akirudi, kabla ya salamu, kabla ya maji ya kunywa, anaketi pale anasikiliza asubuhi ya dada yangu. Halafu anamwita. Saa nne na dakika ishirini ulicheka, ulicheka nini? Hajawahi kumpiga hata kofi. Ningekuwa na alama ya kuwaonyesha watu. Dada yangu alianza kutembea kwa vidole. Akaacha kumaliza sentensi. Akaacha kukohoa. Mwisho akawa anapumulia kwenye mto."

"Mbona hamkuizima mashine siku ile?"

"Tungeizima angejua dakika tuliyotoka. Tuliiacha. Alirudi, hakumwona, akadhani yuko sokoni. Akaketi kusikiliza, kama kawaida yake, mpaka mwisho wa kanda, maana huyu harukii kitu. Saa moja na nusu alikaa anasikiliza nyumba tupu. Dada yangu akawa ameshafika mbali."

Maji yalikuwa yanajaa kwenye beseni. Nikauliza, nadhani kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Mama, yuko hai?"

"Yuko hai. Yuko palepale alipokwenda. Na pale dakika ya kumi na moja analitaja jina la mahali penyewe. Nilimwuliza mimi, kwa ujinga wangu, unakwenda wapi, naye akanijibu." Akasafisha koo. "Nimekaa humu miaka kumi na minane kama kifuniko cha sufuria. Nikiondoka, atajua nimekwenda kwake, atanifuata. Nikikaa, namwona. Kila mwaka masikio yake yanapungua. Zamani alikuwa anasikia sisimizi huyu, ila mashine zake zilikuwa hafifu; leo hasikii birika. Nilikuwa nasubiri yafe kabla yake. Yeye anadhani ni mashine, anabadilisha mashine. Nikasema nunua, baba, nunua zote."

"Basi kwa nini unaiogopa hii ya tatu?"

"Mashine siiogopi," akasema. "Nakuogopa wewe. Zamani alikuwa anasikiliza peke yake. Sasa ameleta masikio ya kijana."

Akafunga bomba. Mazungumzo yakaisha hapo hapo, kana kwamba hayakuwepo.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemwomba Waranti ampeleke fundi mwingine. Amesema Mzee amenitaja mimi. Amesema "yule binti mwenye masikio". Nimekubali kwa sababu moja: fundi mwingine angesikia na angesema.

Jumatatu, 8 Aprili

Nitaiandika yote.

Ile ya tatu ni mashine mbili, moja kwa kila spika, kila moja kilo thelathini na nane. Mimi na dereva wa duka tuliziingiza kama tunaoingiza jeneza, hatua fupi fupi, dereva akaondoka akasema atarudi saa kumi na moja. Ilikuwa saa nane mchana. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikaacha ghafla wakati napima viwango. Mzee akasema, "Vizuri. Imetupisha."

Nilikuwa nimejipanga. Nilijiambia nitakaa pale, uso nimeukaza, nitasema ni pumzi tu, nitatia sahihi karatasi, nitaondoka.

Kanda ikaanza. Sitasema nilisikia vizuri. Sebule ilijaa. Nilisikia kitambaa cha gauni kikigusa mlango. Nilisikia mtu akisimama mbele ya maikrofoni ya kushoto, karibu sana, na kupumua kupitia puani, pumzi nne. Alikuwa anaiangalia. Nilijua anaiangalia kama unavyojua mtu anakuangalia mgongoni. Halafu akageuka, hatua mbili, kwa vidole, na dakika ya kumi na moja akanong'ona begani kwangu.

Neno lilikuja zima. Jina la mahali, silabi zote. Sitaliandika hata hapa.

Nikatazama zulia. Kanda ikaendelea kidogo, Mzee akaizima.

"Umesikia," akasema.

"Hapana, Mzee. Pumzi tu."

"Uso wako umesikia."

Alisema bila hasira. Akainuka, akafungua kabati la ukutani ambalo nilidhani ni la vitabu. Limejaa kanda. Safu kwa safu, kila moja ina tarehe mgongoni, kwa mwandiko wa mpima ardhi, herufi zimesimama kama askari. Macho yangu yalitafuta pale zinapoishia miaka kumi na minane nyuma. Haziishii. Zinaendelea mpaka rafu ya chini, wino bado mweusi. Akatoa ya mwisho, akaipachika.

Maji. Maji yakivuma kwenye sinki. Nyuma ya maji, sauti mbili za wanawake. Na moja ya hizo, ikitoka upande wa kulia palipo na jiko, ikasema: Mama, yuko hai?

Nimefanya kazi ya sauti miaka kumi na tano. Sijawahi kujisikia mimi mwenyewe nikiwa ndani ya chumba na mimi sipo.

"Jumanne iliyopita," Mzee akasema, "saa tisa na robo. Nimeisikiliza mara nyingi, lakini yale maji yananisumbua. Nisaidie, mwanangu. Hapa mnasema nini?"

Aliuliza kwa adabu, mikono magotini, kama mtu anayeomba asomewe barua.

Nikamwambia ukweli mmoja niliokuwa na uwezo wa kuusema. "Mzee, amplifaya hazina kosa. Hata hii kubwa haitakusaidia. Ni masikio yako." Nikatia diski yangu ya milio ya majaribio nikampigia mmoja mmoja, kutoka chini kwenda juu. Mahali fulani katikati akaacha kuinua kidole. Mimi nilisikia milio mingine mingi baada ya hapo, ikipanda kama sindano, naye ametulia, ananitazama, anasubiri nianze. "Herufi zinakaa huku juu," nikasema. "S, f, t. Maneno yanakufikia bila mifupa. Hakuna mashine duniani itakayoyarudisha."

Akatikisa kichwa polepole. Nilidhani ameumia. Karibu nimwonee huruma tena.

"Najua," akasema. "Nimejua miaka mitano. Ndiyo maana niliomba waniletee wewe."

Basi nikasimama. Nikazima mashine zote mbili, tk, tk, na chumba kikawa kidogo ghafla. Nilikwenda jikoni bila kuvaa ndara. Shemeji alikuwa amesimama katikati, amevaa viatu vya nje, kapu mkononi, koti juu ya nguo za kazi. Zile mashine zilikuwa zimemfikishia kila kitu kupitia ukutani.

"Amekusikia?" nikauliza.

"Mimi hapana. Amekusikia wewe. Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Basi twende."

Dereva bado hajafika. Tukasema tutamngojea barabarani. Njia ya kutoka inapita ukumbini, mbele ya mlango wa sebule. Mzee alikuwa amesimama pale, bega limeegemea fremu. Hakutuzuia. Hakumwangalia Shemeji usoni, miaka yote ile, hakumwangalia. Aliinamisha kichwa upande mmoja, ule wa sikio zuri, akafumba macho.

"Tembeeni polepole," akasema. "Mnavurugana."

Jumanne, 9 Aprili

Nimemweleza Waranti kila kitu isipokuwa jina. Amechukua funguo za gari akaenda mwenyewe kufuata mali. Amerudi na mashine zimefungwa vizuri, kona zimewekewa magazeti, kuliko sisi tunavyofunga. Juu yake kulikuwa na kikaratasi, chenye herufi zile zile zilizosimama:

Kutoka jikoni hadi lango. Fundi: hatua thelathini na mbili, pekupeku. Shemeji: arobaini na moja, anaburuta wa kushoto.

Waranti amekisoma mara mbili, akakichana. "Mteja huyu tumemfuta," akasema. "Na akipiga simu, msiongee. Kateni."

Jumatano, 10 Aprili

Shemeji yuko kwetu, analala na watoto. Ananyanyua kiti badala ya kukivuta. Akitaka kuniambia jambo anafungua bomba kwanza. Baba watoto amemwambia kwa utani kwamba hapa maji tunalipia, naye akaomba radhi kwa dhati mpaka mume wangu akaona haya, akaenda kumfungulia bomba mwenyewe.

Mume wangu amemshauri aende polisi. Shemeji akamwuliza, "Nikawaambie nini? Kwamba kuna mzee anasikiliza?"

Ijumaa, 12 Aprili

Mwanangu mdogo amemwuliza kwa nini ananong'ona. Akamjibu kwamba amezoea. "Zoea kitu kingine," akasema mtoto.

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi nimeamshwa na makelele ya vifuniko. Nikadhani paka. Alikuwa Shemeji anaosha vyombo, anaimba. Anaimba vibaya, hana hata noti moja iliyokaa mahali pake, na anapiga sufuria kwa mwiko. Baba watoto amevuta shuka hadi masikioni. "Mke wangu," akasema, "yule mama aliyekuwa kimya amekwenda wapi?"

Nimelala pale nikisikiliza mpaka akamaliza.

Jumanne, 16 Aprili

Ameondoka na gari la alfajiri. Amebadilisha magari mawili kwa makusudi, tulipanga hivyo. Sikumwuliza anakwenda wapi na yeye hakusema, tukaagana kama watu wasiojua kitu.

Ijumaa, 26 Aprili

Simu ya dukani imelia mara tatu leo. Nikipokea, hakuna mtu, ila saa ya ukutani. Nimekata mara zote tatu. Mvua imepungua, inanyesha saa moja halafu inasahau.

Jumamosi, 4 Mei

Mchana nilikuwa nyumbani peke yangu, nimejimiminia chai, simu yangu ikalia. Namba nisiyoijua. Alikuwa Shemeji, anaongea kwa sauti ya kupasua ngoma ya sikio. Amefika salama, alinyamaza kwanza ili apate uhakika kwamba hakufuatwa. Dada yake amezeeka, amenenepa, ana kuku. Tukacheka. Akasema, "Ngoja anakuja, anataka kukushukuru mwenyewe," akaiweka simu mahali, juu ya kitu kigumu.

Akasahau.

Nikasikia hatua zake zikienda, ule wa kushoto unaburuta. Nikasikia mlango wa nje, na kuku. Halafu sauti nyingine, ile niliyoijua kwa sekunde tano tu maishani, lakini sasa wazi, kavu kidogo kwa umri, ikiuliza chumvi iko wapi. Wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine, kijiko kinagonga sufuria, mmoja akaanza jambo kuhusu jirani na akalimaliza, mpaka mwisho. Sauti za pale jikoni zilikuja vizuri. Nilijua dirisha liko wazi.

Nilipozinduka, chai yangu ilikuwa imepoa, imefanya utando juu. Sijui nilikuwa nimekaa hivyo muda gani, simu sikioni, nimefumba macho.

Nikakata.